Ushuhuda wa Aliyeokoka: Fani na Upungufu Wake

Ushuhuda wa Mkristo kwa mwenziwe ni fani simulizi, nayo yastahili kuhakikiwa kama ngano inavyohakikiwa. Vuguvugu la Uamsho, lililochipuka Gahini nchini Rwanda na kufika Kabete mwaka 1937, liliienea Afrika Mashariki si kwa mahubiri ya makasisi pekee, bali kwa mtu kumsimulia jirani maisha yake.

Kuhubiri kuna nasaba na neno habari: mhubiri hupasha. Shahidi ni aliyeona, na mahakamani hatakiwi kusema ya kuambiwa. Hiki ndicho kipimo cha fani hii.

Kauli yake kuu ni "nimeokoka". Kiambishi -me- chaonyesha kuwa tendo limekwisha na hali yake ingalipo. Lakini mnyambuliko huu, tofauti na "nimeokolewa", haumtaji mtendaji. Wala kitenzi chenyewe hakisemi mtu kaokoka katika nini. Sarufi imeacha mapengo mawili, na ni kazi ya masimulizi kuyajaza. Ndugu wa Uamsho waliyajaza: walitaja kitu walichoiba, wakakirudisha kwa mwenyewe, walitaja chuki, wakamwomba radhi waliyemchukia. Siku hizi wasimulizi wengi hutaja "dhambi" kwa jumla, wakafunga kwa maneno ambayo msikilizaji angeweza kuwamalizia. Muundo umebaki, ushahidi umetoweka.

Tulinganishe na riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967). Yumo humo kasisi anayejiunga na Uamsho. Hata hivyo, ungamo lenye uzito zaidi ni la Mugo, ambaye hadai kuokoka. Mbele ya umati unaomdhania kuwa shujaa, anakiri kuwa ndiye aliyemsaliti Kihika. Hana kauli za kukariri. Ana jina la mtu na tendo alilomtenda. Kwa kipimo chetu, yeye ndiye shahidi.

Huenda akatokea wa kutupinga kwamba kauli za kukariri ni nguzo ya fasihi simulizi, na kwamba humpa ujasiri asiye na ufasaha. Twakubali. Lakini "paukwa" hufungua ngano, haishiki nafasi yake. Anayemweleza mwenziwe imani yake kwa maneno ya watu wote hajamweleza lolote lililomfika yeye. Na msikilizaji, ambaye huyajua maneno hayo tangu utotoni, ana haki ya kungoja hadithi yenyewe.