Fani ya Kuhemea

Alasiri moja ya mwezi uliopita, nilipokuwa nikikatiza soko la Darajani kwa mwendo wa mtu asiye na haja na soko ila njia yake, nilisimamishwa na sauti ndogo ya nazi ikigongwa kwa kifundo cha kidole. Aliyekuwa akiigonga ni bibi mtu mzima sana, buibui lake limepauka mabegani, kapu lake la ukili limeegemea mguu wake. Naye aliinua nazi moja baada ya nyingine, akaitikisa karibu na sikio, akayatazama macho yake matatu kama yana unyevu au ukungu, kisha ama akaiweka kando, ama akairudisha kwenye fungu. Muuzaji, kijana ambaye jicho lake moja lilikuwa kwenye simu, alimwambia, "Bibi, nazi zote ni hizo hizo." Bibi hakukasirika. "Hii imelala, mwanangu," alimjibu, "haisemi." Akachagua tatu katika kumi na mbili, akafungua fundo la pindo la kanga, akalipa, akahesabu chenji mara mbili, akashika njia. Nami kwa haya nikanunua mbili, nikizitikisa kama nilivyomwona akizitikisa, bila kujua nilikuwa nikisikiliza nini. Moja ilikuwa imeoza.

Sikuwa na udhuru, kwani nililelewa na mwanamke aliyekuwa gwiji wa fani hiyo. Nasema fani, wala sioni haya, ingawa najua kuwa katika mji huu sifa ya ufundi wameachiwa mafundi wa milango ya nakshi, masonara na washona kofia, ambao kazi zao hutazamika na wageni huja kuzipiga picha. Kazi ya mwenye kuhemea haitazamiki. Kila siku huliwa ikaisha, na inapokuwa nzuri kupita kiasi ndipo watu wa nyumbani wasipotambua kuwa kuna kazi iliyofanyika.

Mama alianzia sokoni kwa kutazama mbinguni. Alijua kuwa dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na kwamba mbaamwezi ikiingia taa za wavuvi hazina tena mvuto juu ya maji, dagaa huadimika na bei hupanda. Basi siku za giza alinunua kwa wingi, akaanika juani juu ya jamvi, na mwezi ulipokuwa mpevu sisi tulikuwa na kitoweo ilhali jirani anashangaa bei. Alijua kuwa kusi likivuma kwa nguvu vyombo vidogo haviendi mbali, kwa hiyo papa mkavu na ng'onda walioletwa na majahazi ya Arabuni wakati wa kaskazi alikwisha kuwaweka tangu walipokuwa wengi na rahisi. Samaki wabichi hakuwanunua asubuhi, saa ambayo kila mtu anawataka, bali alingojea vyombo vya alasiri, akenda mnadani akakaa kimya nyuma ya watu, akiwaacha wenye papara wapandishane bei kwa nguru na jodari, mpaka lilipofika fungu la vibua na tasi ambalo hapana aliyelikodolea macho. Hapo ndipo alipoinama, akafunua matamvua kuona wekundu wake, akabonyeza nyama kwa kidole kuona kama inarudi, akataja bei moja tu. Sikumbuki kumsikia akitaja ya pili.

Lakini ikiwa nitaruhusiwa kulikumbuka jambo moja tu katika nyumba ile, nitalikumbuka lile la nazi. Nazi iliyopevuka maji yake hucheza ndani, nawe huyasikia. Koroma hujaa maji hata hayana nafasi ya kucheza. Na iliyopasuka maji yake yamekwisha kuvuja, nayo hukaa kimya kama maiti. Ndiyo maana ya kusema na kulala. Nazi ikisha kusema, ikifika nyumbani haikupotea hata uzi wake mmoja. Makumbi yalikwenda mekoni kuwashia moto. Maji yake alipewa mtoto aliyekuwa na zamu, na vita vya zamu hiyo nisingependa kuvieleza hapa. Ilikunwa juu ya mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu, tui zito likawekwa mbali kwa mchuzi, na tui la pili na la tatu likapikiwa wali au muhogo. Chicha wakatupiwa kuku, na kifuu kilichokuwa na umbo jema kilitiwa mpini kikawa upawa, na kisicho na umbo kikaenda kuwa makaa. Nazi moja ililisha watu saba na kuku wanne, ikapika chakula chake yenyewe. Sijaona katika maisha yangu kiwanda kilichoendeshwa kwa hesabu kali kuliko ile, wala mwenye kiwanda aliyeimba huku akikiendesha.

Dukani alikuwa mwanamke mwingine, mkali. Siku hizo nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vikafanya pishi, na kila mnunuzi alijua tofauti ya kibaba cha tele, chenye kilele juu yake, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa sawa na ukingo. Alinunua cha tele. Mwenye duka akijisahau mkono ukapita juu ya ukingo, mama alirudisha mchele wake katika gunia, bila neno, akangoja apimiwe tena. Leo pishi imebaki kutajwa mwisho wa Ramadhani, watu wanapotoa zaka ya fitri, na vijana huuliza ni kilo ngapi.

Hakuwa bahili, na hapa nataka nieleweke, kwa sababu wako wasiopambanua baina ya ubahili na iktisadi. Bahili huinyima nafsi yake na wenziwe, akafurahia kunyima. Mama hakupata kumrudisha mgeni bila sahani, na Ijumaa palipikwa pilau. Alichokichukia ni israfu, naye aliiona israfu hata mahali ambapo sisi tuliona ukarimu. Kilichosalia katika fedha ya sokoni, hata kiwe senti kumi, kilikwenda katika kijaluba chake cha bati, na mwisho wa mwezi katika upatu wa wanawake wa mtaa, na hesabu yake aliiandika kwa herufi za Kiarabu nyuma ya karatasi za majani ya chai.

Thamani ya kijaluba kile niliijua siku moja, nikiwa na umri wa miaka minane, kabla ya Mapinduzi. Baba alikuwa karani katika ghala moja la karafuu, na kazi yake ilikuwa kuandika uzito mizani inapousema. Alirudi nyumbani adhuhuri, saa ambayo si yake, akakaa barazani bila kuvua viatu, akamweleza mama kwa sauti ya chini kwamba anatakiwa kuandika pungufu, ratili chache katika kila gunia la mtu wa shamba, na kwamba akikataa hana kazi. Mama alikuwa akipepeta mchele. Hakuuacha ungo. Alisema, "Kodi imelipwa hata mwezi wa Rajabu. Dukani hatudaiwi. Mchele umo, papa wamo." Kisha akaendelea kupepeta. Baba aliondoka akenda akarudisha funguo za ghala, na miezi mitano ikapita kabla hajapata kazi nyingine, na katika miezi hiyo mitano hatukulala na njaa, wala hakupita mtu mlangoni petu kudai. Nilikuwa mdogo sana kuelewa kwamba maneno yale yaliandaliwa kwa miaka, kibaba kwa kibaba, na mwanamke ambaye hakujua siku gani yatahitajiwa.

Wenye mashamba wenyewe, waliokuwa na mali kuliko sisi mara mia, wengi wao hawakuwa na neno kama lile la kusema. Mavuno mema yalipokuja walifanya harusi za siku saba; mavuno mabaya yalipokuja, na bei ya karafuu ilipoanguka, walikopa juu ya mikarafuu, na mikarafuu ikaenda rehani, hata mwaka 1934 serikali ikatunga sheria ya kuizuia ardhi isiendelee kuhama mikononi mwao. Sisemi kuwa harusi peke yake ndiyo iliyowafilisi, kwani bei iliamuliwa mbali na hapa na riba ilikuwa nzito. Nasema tu kwamba sheria haikuhitajiwa kulinda kijaluba cha bati.

Darajani ingalipo. Soko lilijengwa mwaka 1904, na jina lake limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule umefukiwa, daraja halipo, na watu wangali wakija kununua. Ila wananunuaje? Nimemwona kijana mwenye mshahara akinunua mafuta ya kula katika kifuko cha kutosha chungu kimoja, na kesho kifuko kingine, ambavyo vikijumlishwa hata vitimie lita huwa ameilipia lita ile kwa bei yake na ziada. Maskini asiye na fedha ya lita simlaumu, kwa kuwa umaskini una bei zake. Namshangaa huyu mwenye nayo. Mwezi ukimwelemea hukopa kwa simu, usiku, kitandani, bila kumtazama mtu usoni. Mkopo unaotoza saba na nusu kwa mia kwa siku 30 humwonekea ni kitu kidogo, naye akiukopa mwezi baada ya mwezi, mwaka ukitimia amelipa tisini kwa mia. Mama aliyekuwa akirudisha mchele guniani kwa ajili ya kilele cha kibaba sijui angelisema nini mbele ya hesabu hiyo. Nadhani angeliuliza kwanza kijana huyo akitakiwa kuandika pungufu atasema nini.

Yule bibi wa nazi nilimwona tena juma lililopita, kwenye samaki, peke yake. Hakuwa na binti pembeni wala mjukuu wa kumshikia kapu, na kapu lilikuwa zito. Ewe msomaji, ikiwa mama yako, au bibi yako, bado anakwenda sokoni kwa miguu yake, kesho fuatana naye, umchukulie kapu, wala usimharakishe anapoitikisa nazi.