Sebule ya Ghorofani na Upepo Wake

Tunapoutaja utamaduni wa Taifa, fikira zetu hukimbilia ngoma, mashairi na vinyago. Sebule huwa hatuitaji, ingawa ndimo watoto wetu wanamojifunza kila siku jinsi ya kuketi, kula na kumpokea mgeni.

Tuitazame nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Dar es Salaam. Ukumbi hupita katikati, vyumba vikiwa huku na huku. Mlango wa mbele hufungukia barazani na wa nyuma uani. Milango hiyo miwili ikiachwa wazi, upepo hupita moja kwa moja. Fundi wake alijua kwamba hewa inayoingia haina budi kupatiwa pa kutokea.

Majengo marefu ya Michenzani, Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, yamelaumiwa kwamba yaliwaondolea watu baraza na ua. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, joto la ghorofani hatuwezi kumtwika msanifu peke yake, kwani sehemu kubwa tumejiletea wenyewe wapangaji. Twanunua makochi mapana yenye mito minene, yafaayo nchi za baridi. Twaegemeza kabati dirishani. Twatundika mapazia mazito. Kisha twalalamika, twafunga kila tundu na kuwasha kiyoyozi. Umeme ukikatika, twakimbilia ngazini!

Mafundi wa Lamu walikuwa na vyumba vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuweza kufika mbali. Wakaweka vyombo katika zidaka, yaani vishubaka vya ndani ya ukuta, na sakafu ikabaki huru. Hatusemi watu warudi mkekani; magoti ya wazee yana haki zao. Lakini rafu ya ukutani, viti vyepesi vya mninga na pazia la kitambaa chembamba vyatosha kuuachia njia upepo wa kusi na wa kaskazi. Usasa gani unaotushinda hapo?

Tulimzuru mwalimu mmoja orofa ya tatu. Watoto walikuwa wamebanana roshani wakisoma, maana ndani hapakukalika. Tulimwuliza kabati lililoziba dirisha lina nini. Akacheka: vyombo vya wageni. Nasi tulikuwa tumekwisha kunywa chai yake katika vikombe vya plastiki.