Mstari mtupu uliojaa Tab

Mweka hazina wa kikoba anafungua Excel, ananakili orodha ya michango na kuibandika kwenye programu ya kikundi. Orodha ina safu tatu: namba ya uanachama, jina, kiasi. Katikati ameacha mstari mmoja mweupe ili macho yapumzike. Kwa msimbo, weupe huo una vitu ndani yake. Excel hutenganisha seli za matini iliyonakiliwa kwa alama ya Tab, hivyo mstari huo unafika ukiwa na Tab mbili. Sharti linaloulizia "" haliugusi, na mwanachama asiye na jina wala mchango anaandikishwa.

Wengi hukimbilia kuupitisha kila mstari kwenye strip() ya Python. Niliwahi kufanya hivyo, na hapa ndipo ninapoomba umakini wa kweli, kwa sababu strip() hula na Tab. Mstari ambao namba ya uanachama haijajazwa hupoteza Tab yake ya mwanzo: jina la Asha linahamia safu ya namba, na 20,000 zake zinakaa palipokuwa pa jina. Mstari mtupu uliopenya utauona leo leo. Mchango uliohama safu unaweza kukaa kimya hadi siku ya kugawana.

Kupima mstari na kuusafisha ni kazi mbili. Sasa naisoma matini yote kwa moduli ya csv, kitenganishi kikiwa "\t", kisha naubakiza mstari pale tu any(seli.strip() for seli in mstari) inapojibu ndiyo. Seli zinapimwa, mstari wenyewe haubadiliki. Ule usio hata na Tab hutoka csv kama [], nao unaachwa kwa kipimo hichohicho. Lakini pima seli zikingali maandishi: "0" ni kiasi kilichoandikwa, ilhali 0 iliyokwisha kugeuzwa namba, any() huihesabu kuwa si kitu.

Moduli hiyo inaokoa jambo jingine. Seli iliyokatwa mistari kwa Alt+Enter hunakiliwa ikiwa ndani ya alama za kunukuu. Ukiigawa matini kwa splitlines(), mtu mmoja anakuwa vipande viwili, na mstari mtupu uliomo ndani ya seli hiyo unafutwa kama takataka.

Wanaotumia pandas wasitegemee skip_blank_lines peke yake. Huruka mstari usio na kitu, ila wenye Tab tupu unaingia kama NaN tatu; dropna(how="all") ndiyo inayouondoa.

Namba za mistari nazipanga kwa enumerate yenye start=1 kabla sijatupa chochote. Nikimwambia mweka hazina kwamba kiasi cha mstari wa 17 hakisomeki, aende mstari wa 17 wa orodha aliyoinakili, akute kosa lake hapohapo.