Papa Wemba kama boyi: namna tunavyotazama wachezaji wa "La Vie est belle"

Kila mara "La Vie est belle" inapoonyeshwa mahali penye watu, kuko sauti moja inayotoka mbele ya dakika kumi kuisha: "Ule si Kourou, ule ni Papa Wemba!" Hakuna wa kubisha. Ile filme ya 1987, ambayo Ngangura Mweze alitengeneza Kinshasa pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, inatuomba tuamini kwamba huyu kijana ni muimbaji maskini wa kijijini, hajulikani na mtu. Na sisi tunamjua kuliko tunavyojua jirani zetu. Basi kuko mzee anayecheka, kuko mama anayeanza kuimba mbele ya muimbaji mwenyewe kufungua kinywa, na kuko mwanafunzi mmoja wa Lettres (kila mara iko mmoja) anayesema kwa sauti ya profesa: "Humu hamuna akteri, walitafuta tu vedeti wa kuuza tikiti."

Mimi niko wa agronomia, sinema haikuwa kwenye programu yetu. Lakini hii filme nimeitazama mara mingi, karibu kila mara katikati ya watu, na nimezoea kutazama watazamaji vile tunavyotazama shamba: wapi panaota, wapi pamekauka. Ule wa Lettres, kwa maoni yangu, hana haki juu ya Papa Wemba. Lakini kuko kosa lingine ambalo tunalifanya sisi wote pamoja naye, na juu ya lile hakuna anayepiga kelele.

Kwa wale hawajaiona, hadisi ni nyepesi. Kourou anatoka kijijini na ndoto ya kuimba muziki wa umeme. Anafika Kinshasa bila kitu, anaishi kwa Artikle 15 kama kila mtu, mwisho anapata kazi ya boyi kwa Nvouandou, bwana mwenye bwate na pesa. Anampenda binti anayeitwa Kabibi. Bahati mbaya Nvouandou naye anamtaka, juu nguvu zake za kiume zimemtoroka na nganga amemshauri aoe bibi mupya, kijana, na asimguse kwanza. Kuko pia Mamou, bibi wa kwanza, ambaye hana sababu yoyote ya kufurahi. Muziki unapita ndani ya yote hayo, Pepe Kalle anaonekana, na mwisho Kourou anapata jukwaa lake. Ni filme ya furaha, haina haya ya kuwa ya furaha, na iliingia sinema wakati ambapo filme mingi za Afrika zilizoshangiliwa Ulaya zilikuwa na uso wa kufunga.

Sasa, juu ya nini watu wanacheka mbele hata ya kichekesho kuanza? Wanacheka nguo. Papa Wemba wa miaka ya 80 alikuwa mkubwa wa Sape. Vijana wa Kinshasa, Brazzaville na Paris walitazama viatu vyake kabla ya kusikiliza sauti yake. Tena tukumbuke kwamba wakati ule Mobutu alikuwa bado anataka wanaume wavae abakosti, karavati ilikatazwa mpaka 1990. Kuvaa vizuri namna ya Wemba ilikuwa karibu maneno ya siasa. Halafu ule mtu mwenyewe, Ngangura anamvalisha nguo za maskini na kumwingiza ku jikoni ya tajiri. Mtazamaji wa 1987 hakuhitaji kuelezwa. Ilikuwa kama kuona chifu anabeba mizigo sokoni. Ndani ya filme hakuna anayemtambua, na sisi wote ku viti tunamtambua. Katikati ya vitu vile viwili njo kichekesho kinaishi. Ungemweka pale akteri mzuri asiyejulikana, aliyesoma michezo, angecheza boyi vizuri kabisa, na kicheko kile kingepotea.

Kwa hiyo ninapokubali kwamba Papa Wemba si akteri mkubwa, na nakubali, sioni kwamba nimeiangusha filme. Katika masemezano marefu anaonekana kama mtu anayengoja zamu yake kusema. Hasira yake ni ndogo. Lakini ana kitu kimoja ambacho shule haifundishi: anajua kutazamwa. Alikuwa amesimama mbele ya watu tangu Zaiko Langa Langa, mwishoni mwa 1969, kisha na Viva la Musica yake kuanzia 1977. Kamera ikimkaribia hajifichi na hajikazi. Na pale anapoanza kuimba, mambo yote ya akteri na si akteri yanaisha chumbani. Hata ule wa Lettres anatikisa kichwa, nimemuona.

Tulinganishe na kesi iliyo kinyume, ambayo wengi wetu tumeitazama ku kompyuta: "Mamma Mia!" ya 2008, zile nyimbo za ABBA kwenye kisiwa cha Ugiriki. Kule waliweka waakteri wakubwa ambao hawakuwa waimbaji. Meryl Streep alijitetea vizuri. Lakini Pierce Brosnan, aliyekuwa James Bond mara nne, alipofungua kinywa kuimba, watu walishika masikio. Waandishi wa magazeti walimlinganisha na wanyama, na akapewa Razzie, ile zawadi ya kuchekesha ya mchezaji mubaya. Na bado filme iliingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, na mwaka 2018 walipofanya ya pili walimrudisha, akaimba tena kidogo. Mtu angesema watazamaji hawana masikio. Mimi nafikiri walisikia vizuri sana. Bond anayeimba vibaya juu ya mapenzi, kama mjomba ku harusi baada ya chupa ya tatu, aliwafanya waone kwamba hata wao wanaweza kuimba. Sauti mubaya ilikuwa mlango wa kuingia.

Hollywood ya zamani isingekubali ule mlango. Katika "My Fair Lady" ya 1964 walimweka Audrey Hepburn mbele ya kamera, na karibu nyimbo zake zote zikaimbwa na Marni Nixon, ambaye jina lake halikuandikwa. Ule ule Nixon alikuwa tayari ameimba kwa niaba ya Natalie Wood katika "West Side Story" ya 1961. Uso wa mmoja, koo la mwingine. Na watazamaji walipojua, wengi walimkasirikia Hepburn, ambaye alikuwa amejifunza nyimbo na alitaka kuimba mwenyewe. Kwetu pia ilitokea, kwa njia ya heshima zaidi: katika "Félicité" ya Alain Gomis, filme ya Kinshasa iliyopata zawadi kubwa ya majaji huko Berlin 2017, Véro Tshanda Beya anacheza muimbaji wa baa, na sauti inayoimba ni ya Muambuyi wa Kasai Allstars. Ile filme haina furaha ya Kourou hata kidogo, lakini Beya anacheza kwa nguvu mpaka unasahau kuuliza nani anaimba.

Basi njia ziko mingi: muimbaji anayejaribu kucheza, akteri anayejaribu kuimba, au mmoja juu ya mwingine kama greffe ya avoka. (Sisi wa agro tunajua: greffe inashika tu kama kisu kilikuwa safi.) Ngangura na Lamy walichagua ya kwanza, na walijua walichofanya. Na hapa njo nafika ku kosa letu.

Jaribu hivi. Mtu akimaliza kutazama "La Vie est belle", muulize ataje wachezaji. Atasema Papa Wemba. Ukimsukuma, atasema Pepe Kalle. Kisha ukimya. Lakini nani amebeba kichekesho? Ni Kanku Kasongo, anayecheza Nvouandou. Ule bwana ana kazi ngumu kuliko wote: awe mkubwa na mwenye kuchekesha, mwenye pesa na mwenye haya ya siri, na asitufanye tumchukie kabisa, juu filme ya furaha ikiwa na mtu wa kuchukiwa kabisa inaanguka. Papa Wemba anapochelewa na jibu, Kanku njo anarudisha mpira. Ondoa Kanku, unabaki na video ndefu ya muziki.

Na wanawake? Landu Nzunzimbu Matshia ni Mamou. Ninapoitazama na wanafunzi, wavulana wanacheka kila anapokasirika. Ninapoitazama na mama zetu, wale ambao Kifaransa hawakipati vizuri na mtu anawatafsiria kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, hawacheki pale. Wanasema "Eeeh!" ile ndefu, na mmoja anamsogelea mwenzake. Siku moja mama moja alimwambia mtafsiri anyamaze: "Wacha, ule ninamusikia." Kifaransa chenyewe alikuwa hakisikii. Alisikia bibi anayeambiwa kwamba nyumba itapata bibi mwingine kwa ushauri wa daktari. Sijui utaweka kipimo gani cha mchezo wa akteri kinachopita hapo.

Bibi Krubwa naye, Kabibi wetu, tunamkumbuka kwa uzuri, basi. "Ule mutoto muzuri wa Kourou." Tazama tena: wanaume wawili wanamgombania, mmoja ana pesa na mwingine ana sauti, na yeye njo anayepaswa kuonyesha kwamba chaguo ni lake. Na kwa masemezano ni yeye anayesimama mbele ya vedeti mkubwa wa inchi na hazimiki. Kupenda mtu ambaye chumba kizima kinampenda tayari, na kutufanya tuamini kwamba wewe ulimpenda kabla ya kujua jina lake, ile si kazi ya kusimama tu na kupendeza. Sisi tunaita "asili". Mtu akifanya kazi vizuri mpaka haionekani, tunasema hakufanya kitu.

Wengine watajibu kwamba watazamaji wote duniani wako hivyo, vedeti anakula jina la wote. Sawa. Lakini kwetu ina bei. Leo Bukavu na Goma kuko vijana wanaotengeneza filme kwa kamera ndogo na pesa ya mfukoni, na nimekaa ku mazungumzo yao. Swali la kwanza: tumpate muimbaji gani, mwenye wafuasi wangapi? Wanataja "La Vie est belle" kama ushahidi: unaona, Papa Wemba alitosha. Hakutosha! Alizungukwa na watu wa kazi. Halafu muimbaji anachukua nusu ya bajeti, na binti wa kucheza bibi yake anatafutwa siku mbili mbele ya kamera kuwaka, bila mazoezi, bila kulipwa, "juu yeye atasimama tu". Filme inatoka, watu wanacheka mahali pasipochekesha, na tunasema watazamaji wetu hawapendi filme za kwetu. Mbegu moja bora na udongo haukutayarishwa, halafu analaumiwa mnunuzi.

Kuko lawama moja ya watazamaji ambayo naikubali yote: Kifaransa. Watu wa Kinshasa wanaogombana jikoni kwa Kifaransa safi, halafu wanaimba kwa Lingala, ile inawakaza waakteri, na inaonekana. Filme ilitafuta pesa na wanunuzi wa Ulaya, tunaelewa. Lakini naamini sehemu ya ugumu wa Papa Wemba katika masemezano inatoka pale, juu akiingia ku wimbo, anarudi ku lugha yake na mabega yanashuka. Ngangura mwenyewe, mzaliwa wa Bukavu hapa, 1950, alikuwa mtoto wa muji wa lugha tatu au ine. Ningependa kusikia namna Nvouandou angegomba kama angeachiliwa.

Jambo la mwisho limebadilika bila mtu kuligusa. Pepe Kalle alifariki 1998. Papa Wemba alianguka ku jukwaa Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, mikro mbele yake. Tangu pale, mwanzo wa filme hauchekeshi sawa. Wazee wanacheka, kisha wananyamaza mapema. Vijana waliozaliwa baada ya 2000 wanataniana kidogo juu ya ile kesi yake ya visa Ufaransa ya 2003, mtu anasema "ngulu", mwingine anamwambia "shiii". Na Kourou anaingia Kinshasa na ndoto yake, hajulikani na mtu. Juzi msichana mmoja wa mwaka wa kwanza aliuliza, kweli bila utani, kama huyu mchezaji alifanya pia muziki nje ya filme. Chumba kizima kilimgeukia. Kisha akauliza jina la yule anayecheza Mamou, na hapo ilibidi turudishe filme ku majina ya mwanzo, juu hakuna aliyekuwa nalo kichwani.