Alama 50 Zilizojenga Nyumba ya Darmstadt

Oktoba 2009, nyumba 20 zilizosanifiwa na kujengwa na wanafunzi wa vyuo vikuu zilisimamishwa National Mall, jijini Washington. Matokeo yalipotangazwa, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, kilikuwa na alama 908.29 kati ya 1,000. Chuo Kikuu cha Illinois kikafuatia na 897.30. Tofauti yao haikufika alama 11. Anayetaka kuelewa ushindi ule asianze na michoro ya nyumba, aanze na kanuni za mashindano.

Solar Decathlon ni mashindano yaliyoanzishwa na Wizara ya Nishati ya Marekani, na yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Wakati huo kila timu ilijenga nyumba nzima ya kuishi inayotumia nguvu za jua, ikaisafirisha vipande vipande na kuiunga upya uwanjani, kisha ikapimwa katika vipengele kumi. Vipengele kama usanifu na uhandisi viliamuliwa na majaji. Vingine viliamuliwa na vipimo, na hapo ndipo mashindano yalipokuwa makali, kwa sababu kipimo hakibembelezeki. Bafuni, kwa mfano, nyumba ilitakiwa kutoa lita 57 za maji ya moto wa nyuzi 43.3 ndani ya dakika kumi. Sebuleni joto lilipaswa kubaki kati ya nyuzi 22.2 na 24.4. Taulo zilifuliwa, zikakaushwa, zikawekwa kwenye mizani kuhakikisha hazikuwa nzito kuliko zilivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Jioni nyingine wanafunzi waliwapikia majirani chakula cha usiku. Naupenda utaratibu huu, maana nyumba inalazimika kukaliwa, si kupigwa picha tu.

Mwaka huo wa 2009 nyumba ziliunganishwa na gridi ya umeme, na kipengele cha mita kikawa ndicho kizito kuliko vyote: alama 150. Nyumba iliyozalisha angalau kiasi ilichotumia ilipata 100. Zile 50 zilizobaki ziligawiwa kwa kadiri ya umeme wa ziada, na aliyezidisha kuliko wote akazichukua zote.

Wajerumani walizisoma kanuni hizo kwa makini. Eneo la nyumba lilikuwa na kikomo, mita za mraba 74 hivi, kwa hiyo paa lisingeweza kutanuliwa. Wakapanda juu: nyumba ya ghorofa mbili yenye umbo la mchemraba, ili wapate kuta kubwa. Juu waliweka paneli 40 za silikoni paani, na kutani wakabandika vipande takriban 250 vya paneli nyembamba za shaba, indiamu, galiamu na seleniamu. Mtambo mzima ulikuwa wa kilowati 11.1, na hesabu zao zilionyesha ungezalisha maradufu ya mahitaji ya nyumba.

Ukuta wenye paneli si pambo. Washington mwezi wa Oktoba, jua la adhuhuri halipandi sana zaidi ya nyuzi 45 kutoka upeo wa macho, hivyo ukuta unaoelekea kusini hupokea mwanga mwingi. Siku ya mawingu mwanga hutawanyika na kuja kutoka pande zote, na paneli nyembamba za aina ile huustahimili mwanga hafifu vizuri. Wiki ya mashindano hali ya hewa ilikuwa ya mvua na baridi. Ndani, paneli za kuzuia joto zilizotolewa hewa ziliwekwa kutani, na mbao za jasi zilichanganywa na nta maalumu, ambayo huyeyuka chumba kinapopata joto na kuganda kinapopoa, kama samli kabatini, ikilimeza joto la mchana na kulirudisha usiku. Darmstadt wakachukua alama zote 150 za mita.

Ni kazi ya kihandisi ya hali ya juu. Lakini kwa maoni yangu zile alama 50 zilifundisha somo baya. Zililipa anayeongeza paneli hata pale mwenye nyumba asipozihitaji, wala hazikuuliza bei.

Waandaaji walibadilisha kanuni mwaka 2011. Vipengele vyote vikawa na alama 100 sawasawa, umeme wa ziada ukaacha kulipwa, na kikaingizwa kipengele cha unafuu wa gharama: nyumba isiyozidi dola 250,000 ilipata alama zote, na ya dola 600,000 haikupata kitu. Nyumba zilibadilika papo hapo. Chuo Kikuu cha Maryland kilishinda kwa nyumba ya WaterShed, iliyokusanya maji ya mvua kwa paa lililoinamia katikati na kusafisha maji machafu kwa bustani ya mimea ya majini. Na timu ya vyuo vya Parsons na Stevens ikaleta Empowerhouse, iliyokadiriwa kugharimu dola 230,000 hivi. Wao walitumia fedha kwenye kuta nene na madirisha yasiyovujisha hewa, mahitaji ya umeme yakapungua, na paneli zikawa chache. Baada ya mashindano nyumba ile ilipelekwa mtaa wa Deanwood, humo humo Washington, ikawa sehemu ya makazi ya familia mbili kwa ushirikiano na shirika la Habitat for Humanity.

Mashindano haya yalifika Afrika mwaka 2019, mjini Ben Guerir, Morocco. Yakija siku moja pwani ya Afrika Mashariki, kanuni za Washington zisinakiliwe. Dar es Salaam jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 59 hata mwezi wa Juni, kwa hiyo kazi ya paneli ni ya paa, na ukuta unahitaji kivuli. Zaidi ya hapo, kipimo cha nyuzi 22 hadi 24 kingelazimisha kila timu kufunga kiyoyozi. Mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 30, na hakuna baraza, dirisha la kupitisha upepo wala dari refu litakalolishusha hadi 24. Mwanafunzi aliyesanifu nyumba nzuri ya upepo angepoteza alama mbele ya aliyefunga mashine.

Kipimo kinachofaa kihesabu joto, unyevu na mwendo wa hewa kwa pamoja. Chumba cha nyuzi 28 chenye pangaboi linalozunguka kinakalika vizuri, na pangaboi hilo hula wati zisizofika 80, ilhali kiyoyozi kidogo hula karibu 1,000. Kifaa cha kupima kasi ya upepo kiwekwe kando ya kipimajoto, kwenye kimo cha mtu aliyeketi, na usiku kihamishiwe kitandani, ndani ya chandarua.