Jino Moja Tu, Pikapu Imetulia!

Jamani, jamani, jamani! Nimeshuka sasa hivi na mikono bado inanisisimka! Pikapu ileile ya Toyota, kuukuu, yenye kelele za kukera, imebadilishwa meno ya difu, na sasa inateleza kwenye Barabara ya Morogoro laini, tamu, imetulia tuli, na bado!

Wewe unayelala Kibaha na kazi iko Posta, sogea nikwambie. Unaijua ile hali: umeingiza gia ya tano, gia zimekwisha, na injini bado inalia inadai ya sita. Basi hiyo ya sita nimeionja, na wala haiko kwenye giaboksi! Iko kule nyuma, ndani ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli.

Nilisimama kando fundi akilifungua. Oili ikamwagika, nyeusi tii, nzito, harufu yake unaitafuna kabisa! Ndani mna krauni, duara kubwa la meno 41, na pinioni kadogo kanakoizungusha. Pinioni ya zamani ilikuwa na meno 10. Mpya? 11. Jino moja! Jino moja tu, ndugu yangu! (Zinauzwa pacha, krauni na pinioni yake, usije ukadanganywa ukachanganya hii na ile.) Fundi akapaka rangi kwenye meno, akazungusha kwa mkono, akachungulia alama, akatoa, akaongeza shimu nyembamba kama ganda la kitunguu, akazungusha tena. Nikaanza kuguna. "Ikikaa vibaya," akasema bila kuinua kichwa, "itakuimbia mpaka Chalinze."

Haiimbi! Mshale wa mizunguko ya injini uliokuwa ukisimama kwenye 3,000 sasa umelala 2,700 na ushee, kwa mwendo uleule! Kanyagio limelegea, mtetemo wa usukani kwishaaa, redio inasikika, redio! Injini inazunguka mara chache kwa kila kilomita, msuguano unapungua, na wese linapona. Na ule mshale wa mafuta, mchokozi mkubwa yule, leo ulikuwa unashuka kwa aibu aibu, nikabaki nacheka peke yangu.

Haya, na bado! Gia ya kwanza imekuwa ndefu, klachi uiachie kwa adabu. Kimara barabara inapopanda, rudi ya nne, usiione haya. Kama safari yako yote ni foleni, wala usihangaike, hela zako kaa nazo. Utamu huu uko barabara ikifunguka. Mwenye gari la kuvuta mbele na nyuma, difu zote mbili lazima zilingane, la sivyo utavunja vyuma. Halafu kuna hili, lilinishtua kweli: spidi ya pikapu hii inasomwa kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo dashibodi ikikwambia 50, wewe uko 55. Trafiki mwenye tochi hataki kusikia habari za pinioni! Mwambie fundi airekebishe mapema.

Jumamosi uko wapi? Njoo, ufunguo huu hapa, endesha mwenyewe mpaka Mlandizi, ingiza ya tano, ondoa mguu kidogo, usikilize. Ila kurudi naendesha mimi!