Majarida ya sheria ya wanafunzi yasikipe Kiswahili kisogo

KIJANA mmoja niliyemfunza Kiswahili katika shule ya upili, ambaye sasa anasomea sheria chuoni, aliniletea jarida ambalo yeye na wenzake wanalihariri. “Mwalimu, hebu soma uniambie,” akasema.

Nililisoma lote. Hoja zinashikana na tanbihi zimejaa chini ya kila ukurasa. Kuchuja miswada, kukagua marejeleo na kumrudishia mwandishi kazi yake, hata awe profesa, ni jukumu la wanafunzi wenyewe. Utamaduni huu una miaka mingi. Harvard Law Review la Marekani, lililoasisiwa 1887, huhaririwa na wanafunzi, na mwaka wa 1990 Barack Obama alikuwa Mwamerika Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuliongoza.

Hata hivyo, katika jarida la kijana wangu sikuona hata ikisiri moja ya Kiswahili. Ajabu ni kwamba makala mojawapo ilitetea haki ya mshtakiwa kuielewa kesi yake! Ibara ya 50 ya Katiba inampa mkalimani bila malipo asipoielewa lugha ya mahakama. Ibara ya 7 nayo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

“Lakini mwalimu, ya Kiswahili nani atasoma?” akaniuliza.

Atasoma mkalimani wa korti. Atasoma wakili na ripota. Chukua neno ‘dhamana’. Tunalitumia kwa pesa taslimu zinazowekwa kortini, na papo hapo kwa ahadi ya mdhamini atakayewajibika mshtakiwa akitoroka. Mama akiambiwa mwanawe amepewa dhamana ya Sh100,000, auze ng’ombe leo ama atafute hatimiliki ya shamba? Kosa la istilahi hapo ni usiku mwingine rumande.

Istilahi kama hizo hazitatuliwi kwa kamusi pekee. Zinahitaji kujadiliwa na wanaoijua sheria, na jarida ndilo uwanja wake. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka wa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Sisi tunangoja nini?

Nilimshauri kijana waanze na kidogo: ikisiri ya Kiswahili kwa kila makala, na makala moja ya istilahi katika kila toleo. Wanafunzi wa Kiswahili wako chuo hicho hicho. Wabishe hodi tu.